Ibn al-Haytham: Mwanachuoni Aliyeuhoji Mwezi





Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 Shaaban na tarehe 29 Ramadhani, Waislamu wa Bujumbura tunatazama upande mmoja. Tunatazama magharibi, juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zamani yalitosha macho ya wazee. Siku hizi kijana mwenye darubini ndogo anaweza kuisimamisha uani kwao, akaweka simu yake kwenye lenzi ya kutazamia, akapiga picha ya mwezi na kuwatumia wenzake kabla ya adhana ya Isha. Picha kama hizo zinapendeza, lakini pia zinazua maswali. Je, mwezi ulioonekana kwenye simu umeonekana? Picha ni shahidi? Na ikiwa ni shahidi, tumuulize nini?

Kabla hatujaanza kubishana, inafaa tumjue mtu aliyewafundisha walimwengu maana ya kuona. Mtu huyo ni Muislamu, aliishi miaka elfu moja iliyopita, na aliandika kuhusu mwezi mambo ambayo kila anayeupiga picha leo anayakuta, ajue asijue.

Kijana wa Basra

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra, nchini Iraq, mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Wazungu waliokuja kuvisoma vitabu vyake walimwita Alhazen, yaani al-Hasan kwa ndimi zao.

Basra ilikuwa bandari ya biashara na ya elimu. Vyombo vya Ghuba vilikwenda Bara Hindi, vingine vikateremka mpaka pwani ya Afrika Mashariki, nchi waliyoiita ya Zanj. Kwa upande wa elimu, kazi kubwa ya kufasiri vitabu vya Wagiriki kwa Kiarabu ilikuwa imeshafanyika Baghdad zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Kwa hiyo alipokua alimkuta Euclid katika hisabati na Ptolemy katika elimu ya nyota wakisomeka kwa lugha yake mwenyewe. Akavisoma vitabu hivyo kwa kina kuliko wengi wa zama zake, lakini hakuvisoma kama mtu anayehifadhi tu. Alivisoma kama hakimu anayesikiliza mashahidi.

Mto Nile na Khalifa

Sifa zake zilifika Misri, kwa Khalifa wa Kifatimiya, al-Hakim bi-Amrillah, aliyetawala kuanzia mwaka 386 hadi 411 Hijria. Wanahistoria wetu wa zamani, akiwemo Ibn al-Qifti, wanasimulia kwamba Ibn al-Haytham aliwahi kusema kwamba angekuwa Misri angeufanyia Mto Nile kazi ambayo ingewafaa watu, mto ukijaa na mto ukipungua. Khalifa akasikia, akamwita, akampokea kwa heshima, akampa watu na mali, akamwambia aanze.

Hapa sisi Warundi tutulie kidogo. Maji aliyotumwa kuyadhibiti, sehemu yake inaanzia kwetu. Chemchemi ya kusini kabisa ya Nile iko Rutovu, palipojengwa piramidi ndogo ya ukumbusho. Maji yale yanaingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria, ndipo yanaanza safari ndefu ya kwenda Misri.

Ibn al-Haytham alipanda mto mpaka sehemu za maporomoko karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa na kuchongwa kwa ustadi. Akafikiri: watu wenye ujuzi wa namna hii, kama kuuzuia mto huu kungewezekana, wangekuwa wameshauzuia. Akapima mahali penyewe na kuona kwamba mpango wake hautekelezeki. Akarudi Kairo akiwa amejaa haya, akamweleza Khalifa ukweli.

Kusema neno lile mbele ya al-Hakim halikuwa jambo jepesi, kwa maana alijulikana kwa kubadilika ghafla na kuua watu kwa sababu ndogo. Khalifa alimpa kazi ya ofisini, naye akaipokea kwa hofu. Inasimuliwa kwamba ili asalimike alijifanya amerukwa na akili. Mali yake ikawekwa chini ya uangalizi, naye akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria, sawa na 1021. Baada ya hapo akaonekana tena mwenye akili timamu, akahamia karibu na mlango wa Msikiti wa al-Azhar.

Kuanzia hapo aliishi maisha ambayo mwanafunzi wa bwenini atayaelewa. Alikuwa na mwandiko mzuri. Inasimuliwa kwamba kila mwaka alinakili vitabu vya Euclid na Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, na fedha hizo zikamtosha mwaka mzima. Hakuwa na cheo. Muda uliobaki ulikuwa wa kusoma, kupima na kuandika.

Nuru inaingia jichoni

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, kinachohusu nuru na kuona. Wengi kabla yake, na miongoni mwao Euclid na Ptolemy, walidhani kwamba jicho linatoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham alikataa. Alitoa hoja ambayo hata mtoto anaielewa: ukilitazama jua, jicho linauma. Tena ukiangalia mwanga mkali kisha ukageukia gizani, alama ya mwanga ule inabaki machoni kwa muda. Maana yake ni kwamba kuna kitu kinachotoka nje na kulifikia jicho. Nuru hutoka kwenye kila nukta ya kitu, ikaenda kila upande kwa mstari ulionyooka, na sehemu yake ndiyo inayoingia jichoni.

Hakuishia kwenye hoja. Aliingia katika chumba cha giza kilichokuwa na tundu, akapanga taa kadhaa nje, akahesabu madoa ya mwanga ndani. Alipoziba taa moja, doa lake lilipotea na mengine yakabaki mahali pake. Akajua kwamba miale ya taa zote inapita katika tundu moja bila kuchanganyika. Jaribio la namna hii aliliita i'tibar, na kila alipodai jambo alijitahidi kuonyesha namna mtu mwingine anavyoweza kulirudia.

Mwezi mbele ya hakimu

Sasa tuje kwenye mwezi. Ibn al-Haytham aliuandikia risala zaidi ya moja.

Katika risala ya nuru ya mwezi aliuliza: ikiwa nuru ya mwezi inatoka kwenye jua, je, mwezi unairudisha kama kioo? Akajibu hapana. Kioo cha mviringo kingetuonyesha nukta moja inayong'aa na sehemu iliyobaki ingekuwa giza. Lakini sisi tunaona upande wote unaoelekea jua umeangaza. Akapima kwa chombo chenye mwanya mwembamba, na kuthibitisha kwamba nuru inatoka katika kila sehemu ya eneo lililoangazwa.

Mwenye simu na darubini anaikuta elimu hii bila kujua. Akiuelekezea mwezi mpevu simu iliyoachwa ijipangie yenyewe, inatoka duara nyeupe tupu, kama taa ya barabarani. Simu inadhani ni usiku, kwa hiyo inafungua njia ya mwanga kwa wingi. Kumbe uso wa mwezi ni mawe yaliyo chini ya jua la mchana. Ukipunguza mwanga katika simu kama vile unapiga picha ya jiwe saa sita mchana, mabonde na milima vinajitokeza.

Risala nyingine ilihusu madoa tunayoyaona kwenye uso wa mwezi. Wako waliosema ni mvuke ulio kati yetu na mwezi. Wengine walisema mwezi ni kioo na yale ni sura ya bahari na milima ya dunia. Akayapima maneno hayo moja moja. Madoa yana umbo lile lile na mahali pale pale daima, ilhali mwezi unabadilisha mahali pake angani. Ingekuwa ni mvuke au sura kwenye kioo, yangebadilika. Kwa hiyo, alisema, madoa yamo katika mwili wa mwezi wenyewe, na sehemu zile zinaipokea nuru tofauti na nyingine. Leo tunajua kwamba ni mabonde mapana yaliyojaa miamba myeusi ya volkano iliyoganda. Hakuwa na darubini, maana darubini ilikuja miaka mia sita baadaye, lakini alifika karibu kwa kufikiri sawasawa.

Ya tatu ni hii. Kwa nini mwezi unapochomoza nyuma ya vilima vya Bujumbura unaonekana mkubwa kama sinia, na ukifika utosini unakuwa mdogo? Ibn al-Haytham alieleza kwamba kiini cha jambo kimo ndani ya mwenye kuona. Ukiwa chini, kati yetu na mwezi kuna miti, nyumba na vilima, na akili inauhesabu kuwa uko mbali, hivyo inaupa ukubwa. Anayetaka kuhakikisha apige picha mbili usiku mmoja, kwa darubini ile ile na bila kubadilisha chochote, moja mwezi ukiwa chini na nyingine ukiwa juu. Akizipima kwa rula atakuta duara mbili zinazolingana. Jicho limepokea kilicho sawa. Aliyeongeza ni anayehukumu.

Kitundu, jua lililoliwa na hilali

Risala inayokaribia zaidi mambo ya kamera ni ile aliyoandika kuhusu umbo la kupatwa kwa jua. Jua likipatwa kwa sehemu, nuru yake ikapita katika kitundu kidogo na kuangukia ukutani, inachora hilali. Wenye kukumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete kusini mwa Tanzania na sisi huku likafunikwa sehemu kubwa, wanajua kwamba siku kama hiyo hata mianya ya majani ya mwembe inachora hilali nyingi ardhini. Ibn al-Haytham akauliza: mbona mwezi mchanga, ambao ni hilali kweli, nuru yake ikipita kwenye tundu haichori hilali, inachora duara?

Jibu lake ni la kihisabati. Kila nukta ya kitu kinachong'aa inatuma ukutani doa lenye umbo la tundu, na madoa hayo yanapandana. Tundu likiwa dogo sana, yakipandana yanaleta umbo la kitu. Tundu likiwa kubwa, yanaleta umbo la tundu. Nuru ya mwezi mchanga ni dhaifu. Ukilifanya tundu liwe dogo ili kulinda umbo, nuru haionekani. Ukilipanua ili upate nuru, umbo linapotea.

Darubini imekifungua kifungo hicho. Lenzi ina mlango mpana unaokusanya nuru nyingi, na papo hapo inairudisha miale ya kila nukta mahali pake, umbo likabaki. Kila picha ya hilali inayopigwa uani ni jibu la tatizo alilolieleza mzee wa Kairo.

Tusimvike joho lisilo lake

Katika mihadhara yetu husikika kwamba Ibn al-Haytham ndiye aliyevumbua kamera. Tuseme lililo kweli. Tundu linalopitisha sura lilijulikana kwa Wachina na Wagiriki karne nyingi kabla yake, na picha inayobaki kwenye kibati au karatasi ilikuja karne ya 19. Picha ya kwanza ya mwezi yenye kufaa ilipigwa New York na John William Draper mwaka 1840. Tena Ibn al-Haytham alikosea mahali: alidhani sehemu ya jicho inayohisi nuru ni lenzi yake ya mbele, wakati ni utando wa nyuma.

Haya hayampunguzii kitu. Yeye mwenyewe aliandika kitabu kizima cha kuonyesha mashaka juu ya Ptolemy, aliyekuwa imamu wa elimu ya nyota wakati ule. Humo alifundisha kwamba mtafutaji wa haki hatosheki na kusoma maneno ya wakubwa na kuyaamini kwa sababu ni wakubwa. Anayashuku, anayapima, na pia anajishuku mwenyewe anapopima, asije akawaonea au akawapendelea. Mtu aliyefundisha hivyo hatafurahi tukimtetea kwa sifa za uongo.

Baada yake

Alifariki Kairo karibu mwaka 430 Hijria, sawa na 1040 hivi. Alikuwa ameandika vitabu na risala zaidi ya 90, na zaidi ya 50 zimetufikia, ikiwemo risala ya kutafuta kibla kwa hisabati. Katika nchi za Kiislamu Kamal al-Din al-Farisi alikifanyia kazi Kitab al-Manazir na kuiendeleza elimu yake mpaka kueleza upinde wa mvua. Ulaya kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa na Roger Bacon na Kepler, na kikachapishwa Basel mwaka 1572.

Mwaka 1647 Johannes Hevelius alitoa kitabu cha ramani za mwezi. Kwenye ukurasa wa mbele alichora watu wawili wamesimama huku na huku: Ibn al-Haytham akiwakilisha akili, na Galileo na darubini yake akiwakilisha hisia. Kuna pia bonde la duara mwezini linaloitwa Alhazen, karibu na ukingo wa mashariki wa mwezi, jirani na doa jeusi linaloitwa Bahari ya Mare Crisium. Upande huo ndio unaoangazwa mwanzo mwezi unapoandama. Anayetazama kwa darubini siku mbili tatu baada ya kuandama, jina la mwanachuoni wetu limo ndani ya ule ukanda mwembamba anaoutazama.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kukubali kwamba jambo limekushinda ni sehemu ya elimu. Ibn al-Haytham aliporudi kutoka Aswan angeweza kuendelea kula mali ya Khalifa na kuchimba mitaro isiyo na faida. Alisema ukweli, ukamgharimu miaka ya kifungo, na mto haukumdai.

Pili, tuwe na adabu katika ushahidi. Kama darubini inakubalika katika kuthibitisha mwezi au haikubaliki, na kama mwezi wa nchi moja unazifunga nchi nyingine, hayo ni masuala ya fiqhi ambayo masheikh wetu wametofautiana, na gazeti la wanafunzi halitayamaliza. Lakini Qur'ani imetufundisha kwamba miezi ni vipimo vya nyakati za watu na Hija, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akimuuliza anayedai kuuona mwezi kabla ya kumkubalia. Anayekuja na picha naye aulizwe. Ilipigwa wapi? Saa ngapi? Jua lilikuwa limeshazama? Mwezi ulikuwa upande gani wa jua, na pembe zake zilielekea wapi? Huku kwetu karibu na Ikweta mwezi mchanga mara nyingi unalala kama mtumbwi, pembe zikitazama juu. Picha iliyotumwa na asiyejulikana, isiyo na saa wala mahali, si ushahidi. Ni uvumi wenye sura. Na uvumi wa usiku mmoja umeshawahi kuwafanya watu wa nyumba moja wale Idi siku mbili tofauti wakiwa wamenuniana. Hilo ni zito kuliko fahari ya kuwa wa kwanza kutuma.

Tatu, tulinde macho. Mwenye darubini asiielekeze magharibi kabla jua halijazama lote. Jua likipita kwenye lenzi linapofusha mara moja.

Nne, tusiogope kuuliza. Kijana wa Kitivo cha Sayansi na kijana anayesoma dini wanaweza kusimama uani pamoja, mmoja akapanga lenzi, mwingine akaeleza hukumu, na kila mmoja akamuuliza mwenzake ushahidi wake bila hasira. Ibn al-Haytham alikuwa watu hao wawili katika mwili mmoja.

Tunamuomba Allah amrehemu mwanachuoni wetu huyu, atujaalie elimu yenye manufaa, na azikutanishe nyoyo zetu mwezi utakapoandama.